Nani Atawazika?

Jumamosi jioni, kazi ya juma ikiisha, vijana wengi wa mitaa yetu hawakai nyumbani. Waenda katika chumba cha video. Ni nyumba ya mbao yenye mabati, mabenchi machache, televisheni moja, na mashine ya umeme inayonguruma nyuma ya ukuta. Mtu atoa faranga zake mlangoni, akaa, na kwa muda wa saa mbili asahau matope ya njia na bei ya unga. Sisi nasi twaenda. Wengine hushangaa kumwona katekista kwenye benchi la nyuma. Lakini asiyeonja mboga asiseme kwamba imezidi chumvi.

Tena tuseme kweli: filme za mapigano na za majambazi twazipenda. Shujaa akiruka dirishani, moyo waruka pamoja naye. Basi hatukushika kalamu ili tuwakaripie watu kwa sababu ya starehe yao. Twataka kusema neno moja tu, ambalo tumelitambua polepole katika filme za miaka hii, na ambalo halitutoki moyoni.

Jumamosi moja walionyesha John Wick, filme ya Marekani ya mwaka 2014. Wengi walikuwa wamekwisha kuiona. Hata hivyo walikuja tena. Habari yake ni fupi. Mtu mmoja, aliyekuwa muuaji wa kulipwa, ameiacha kazi ile kwa ajili ya mke wake. Mke amekufa kwa ugonjwa, naye amemwachia mumewe mtoto wa mbwa ili asibaki peke yake. Usiku mmoja kijana mwovu, mwana wa mkubwa wa majambazi, aingia nyumbani mwake pamoja na wenzake. Wampiga, wamwua mbwa, waiba motokari. Basi John Wick avunja sakafu ya saruji kwa nyundo kubwa, afukua silaha alizozifukia, na vita vyaanza.

Filme ilipokwisha tuliwauliza vijana waliokaa karibu nasi maswali mawili. La kwanza: "Mbwa yule aliitwa nani?" Wote walijibu kwa sauti moja: "Daisy!" La pili: "Na watu waliouawa, nitajieni majina ya watatu tu." Wakatazamana. Mmoja akasema: "Iosef, yule aliyeiba motokari." Mwingine akasema: "Viggo, baba yake." Na wa tatu? Kimya. Mwishowe kijana mmoja mrefu, fundi wa baiskeli, akatujibu kama mtu anayemsaidia mgeni asiyeelewa: "Mwalimu, wale wengine hawana majina. Ni watu wa bosi tu."

Watu wa bosi tu! Neno hilo lilitufuata hata nyumbani, likakataa kulala.

Kwanza tuseme mazuri

Mwenye kuhukumu kazi ya mtu hana budi kuanza na mazuri yake. Aliyeongoza filme ile ni Chad Stahelski. Zamani kazi yake ilikuwa kuanguka na kupigwa mahali pa wachezaji wakubwa. Katika The Matrix, mwaka 1999, alishika mahali pa Keanu Reeves, yule yule anayecheza John Wick. Ndiyo sababu aijua kazi ya mwili. Katika filme nyingi za siku hizi picha zakatwa upesi upesi, hata mtazamaji hajui nani amempiga nani. Hapa sivyo. Picha yakaa mbali kidogo, twaona mtu mzima, miguu na mikono, tena twaona jinsi anavyochoka. Hata risasi zake zaisha, naye alazimika kujaza bunduki tena, jambo ambalo mashujaa wengine hulisahau. Ni kazi ya fundi, na fundi astahili sifa yake.

Lakini ndani ya kazi hiyo nzuri mna jambo moja la kutisha, na la ajabu ni kwamba watu hulicheka. Majambazi waja usiku kumwua John Wick nyumbani mwake. Awaua wote. Polisi agonga mlango, kwa maana majirani wamelalamika kwa sababu ya kelele. Polisi achungulia, aona maiti sakafuni, amwuliza mwenye nyumba kama amerudi kazini, kisha amtakia usiku mwema, ajiendea. Ndipo John Wick apiga simu na kuomba nafasi za chakula cha jioni kwa watu 12, kama mtu apigaye simu hotelini. Wafika wazee wenye adabu, wazifunga maiti katika plastiki, waosha damu, wapokea sarafu za dhahabu, waenda zao.

Chumba chote kilicheka. Sisi pia tulicheka. Mchezo umetungwa kwa akili. Lakini tulipokuwa tukitembea gizani kurudi nyumbani tulijiuliza: watu wale 12 wamepelekwa wapi? Hata taka za soko zina shimo lake linalojulikana. Hao je? Hawana mama anayengojea mlangoni? Asubuhi hakuna mtoto anayeuliza, "Baba hajarudi?" Filme haitaki tuulize. Tukiuliza, kicheko chote chakatika.

Kaburi la mtu mmoja

Mtu aweza kusema: labda watu wa filme hizo hawajui kaburi ni nini. La, wajua sana. Tazama sehemu ya nne ya John Wick, ya mwaka 2023. Shujaa apaswa kufika kabla ya jua kuchomoza mbele ya kanisa la Moyo Mtakatifu, Sacré-Cœur, juu ya kilima cha Montmartre mjini Paris. Kuna ngazi ndefu yenye vidato 222. Apanda akipigana, akaribia juu, apigwa, aviringika hata chini kabisa, asimama, aanza tena. Hatujapata kuona kitu kama hicho. Njiani waanguka watu wengi kama majani ya mwembe.

Kisha, mwisho kabisa, twaonyeshwa mahali pa utulivu. Ni makaburi mawili kando kando: la mke na la John Wick. Juu ya jiwe lake wameandika kwamba alikuwa mume mwenye upendo. Rafiki zake wasimama pale kwa heshima, na muziki walia.

Basi filme yenyewe yakiri kwamba mtu akifa yafaa awe na mahali pake, na jina lake juu ya jiwe, na mtu wa kumkumbuka. Lakini yampa mmoja heshima hiyo, na wale wa ngazini yawaacha ngazini. Hapo ndipo tunapoilaumu. Hatuilaumu kwa kuonyesha kifo, kwa maana kifo kipo. Twailaumu kwa kugawa watu mafungu mawili: wale wanaokufa, na wale wanaoondolewa tu njiani.

Filme ya pili tuliyoiona katika chumba kile yazidi hapo. Ni Extraction ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Sam Hargrave, naye pia ametoka katika kazi ya mapigano. Chris Hemsworth acheza Tyler Rake, askari wa kukodiwa. Atumwa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, kumwokoa Ovi, mtoto wa tajiri wa madawa ya kulevya wa India, aliyetekwa na jambazi wa mji ule. Kwa muda wa dakika kama 12 picha yafuata mbio na mapigano bila kuonekana kukatwa. Tulisahau hata kupumua. Lakini wanaouawa ni nani? Wengi ni polisi na askari wa mji. Wakubwa wao wamenunuliwa na jambazi, ni kweli. Lakini askari mdogo aliyesimama darajani tangu asubuhi, aliyeambiwa tu, "Funga njia," yeye ajua nini? Ana mshahara haba na nyumba ya kupanga katika mji ule ule. Mgeni aja kwa ndege, amwua, na sisi twampigia mgeni makofi.

Mna pia mtoto mmoja, jina lake Farhad, anayepewa bunduki na jambazi. Mwisho ndiye ampigaye Tyler risasi. Sisi wa Kongo tukimwona mtoto huyo hatuhitaji mkalimani. Tangu mwaka 1996 twawajua akina kadogo, wenye bunduki ndefu kuliko miguu yao. Tulitamani filme isimame, ituambie Farhad ni mtoto wa nani na nani angempokea kama angeitupa bunduki ile. Haikusimama. Ilikuwa na haraka ya kumtazama mtoto wa tajiri.

"Ni mchezo tu"

Wengine watatujibu: "Mwalimu, ni mchezo tu. Wale wafu huamka, huosha rangi nyekundu, huenda kula." Twajua. Wengine watakwenda upande wa pili na kusema: "Filme hizo ndizo zinazofanya vijana wawe wanyang'anyi." Hilo nalo hatulisemi. Waliotuletea vita katika Kivu hawakujifunza vita katika chumba chetu cha video.

Sisi twaogopa jambo dogo zaidi, nalo ni desturi ya jicho. Mtu akitazama kila Jumamosi maiti mia bila kuuliza, jicho lazoea kutouliza. Katika nchi yenye amani pengine desturi hiyo haina hatari kubwa. Hapa kwetu ni mambo mengine. Mwaka 2025, vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, watu wa Msalaba Mwekundu walizika siku nyingi mfululizo, na wengi waliozikwa hawakujulikana majina. Waliozika hawakusema, "Ni watu wa fulani tu." Walichimba. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Tumewafundisha hivyo watoto wa katekisimu, nao hukariri vizuri. Lakini mtoto akikariri asubuhi na jioni acheke watu 12 katika plastiki, ni somo gani litakalobaki?

Majambazi wenye majina

Je, basi tusitazame filme za majambazi? La, zipo zilizo nzuri, tena zenye damu. Tutataja tatu.

Ya kwanza ni The Irishman ya Martin Scorsese, mwaka 2019. Robert De Niro acheza Frank Sheeran, dereva wa lori aliyegeuka muuaji wa majambazi wa Marekani. Habari yake yatoka katika maungamo ya Sheeran mwenyewe yaliyoandikwa katika kitabu, na wachunguzi wengi hawayaamini yote. Lakini tazameni namna ya filme. Jambazi mmoja aingia katika hoteli, acheka, asalimu watu. Mara picha yasimama na maandishi yatokea: jina lake ni fulani, aliuawa mwaka fulani, kwa namna fulani. Wafanyiwa hivyo wengi, hata wale wanaopita mara moja tu. Ni kinyume kabisa cha watu wa bosi tu. Hapa hata mtu wa bosi ana jina na tarehe ya kufa.

Kisha Frank aamriwa kumwua Jimmy Hoffa, kiongozi mashuhuri wa chama cha wafanyakazi, rafiki yake wa miaka mingi. Hoffa wa kweli alitoweka tarehe 30 Julai 1975, na maiti yake haijaonekana hata leo. Katika filme mauaji yenyewe ni ya dakika moja, bila muziki, bila mbio. Lakini baadaye Frank apaswa kumpigia simu mke wa Hoffa ili amfariji. Ashika simu, ulimi wamzito, maneno yakatika. Muuaji amfariji mjane! Hapo tulijisikia vibaya kuliko mbele ya maiti zote za John Wick.

Mwisho Frank ni mzee katika nyumba ya wazee. Binti yake Peggy, aliyeyajua yote tangu utoto bila kuambiwa, hasemi naye tena. Aenda mwenyewe kujinunulia jeneza. Padri aja kumtembelea, amwuliza kama asikitika kwa ajili ya jamaa za wale aliowaua. Ajibu kwamba hakuzijua jamaa zao, ila moja. Tumeyafikiri sana maneno hayo. Mtu huyu hajuti, kwa sababu maisha yake yote alikataa kujua kwamba waliokufa walikuwa na jamaa. Padri hamkemei, asali pamoja naye, amtafutia njia ndogo ya kuingilia. Hatujaona filme iliyoonyesha vizuri hivi kazi ngumu ya kumwandaa mtu kwa kitubio.

Ya pili ni ya Scorsese pia: Killers of the Flower Moon, mwaka 2023. Ni habari ya kweli ya Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani katika jimbo la Oklahoma. Mafuta ya petroli yalionekana chini ya ardhi yao, wakatajirika sana. Na katika miaka ya 1920 wakaanza kufa mmoja mmoja kwa risasi, kwa sumu, kwa baruti. Mollie, mwanamke Mwosage, mkatoliki, apoteza mama na dada zake. Anna apigwa risasi mwaka 1921. Nyumba ya Rita yalipuliwa mwaka 1923. Na aliyepanga mauaji ni William Hale, ajiitaye rafiki mkubwa wa Waosage. Na mpwa wake Ernest ndiye mume wa Mollie. Mtu alala na muuaji wa jamaa yake chini ya blanketi moja.

Karibu na mwanzo Mollie mwenyewe ataja wafu: huyu, umri wake huu, hapakuwa na uchunguzi, huyu, umri wake huu, hapakuwa na uchunguzi. Ni kama orodha ya marehemu isomwayo mwezi wa Novemba. Na mwisho Scorsese mwenyewe asimama mbele yetu kusoma tangazo la kifo cha Mollie cha mwaka 1937, akieleza kwamba amezikwa karibu na wazazi na dada zake, na kwamba tangazo lile halikutaja mauaji. Lawama yetu ni moja: filme ya saa tatu na nusu yakaa mno na Ernest, na Mollie tungependa kumsikia zaidi. Lakini wafu wana majina. Na kwamba utajiri wa chini ya ardhi waweza kuwaua wenye ardhi, msomaji wa Kivu hana haja ya kuelezwa na Mmarekani.

Ya tatu ni ya kwetu: Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, mwaka 2010, iliyochezwa Kinshasa kwa Kilingala na Kifaransa. Riva arudi mjini na petroli aliyoiiba Angola, wakati magari yote ya Kinshasa yamekauka. Na Mwangola mwenye mafuta amfuata. Tahadhari: mna mambo ya uchi, si filme ya watoto wala ya jamaa kuketi pamoja. Lakini katikati ya starehe na risasi Riva aenda kuwaona wazazi wake baada ya miaka 10, na ziara ile haileti furaha. Kwa dakika chache twajua kwamba mwizi ni mtoto wa mtu. Dakika hizo chache zatosha kubadili filme nzima.

Jumamosi nyingine

Kijana mmoja alituletea The Irishman katika flashi, nasi tukamwomba mwenye chumba aionyeshe. Haikupendwa sana. Ni ndefu, saa tatu na nusu, na wazee waongea kuliko wanavyopigana. Wengine walidai faranga zao, watatu walilala. Hatukushangaa. Aliyezoea pilipili huona chakula kingine hakina ladha.

Lakini fundi wa baiskeli, yule mrefu, alibaki hata mwisho. Njiani alinyamaza mpaka penye kisima, kisha akauliza: "Mwalimu, yule binti hakumsamehe baba yake?" Tukamwambia kwamba filme haionyeshi. Akauliza tena: "Na yule aliyeuawa, watu wake walizika nini?" Tukasema: "Hawakupata kitu cha kuzika." Akatikisa kichwa. Baada ya hatua chache akaanza kutusimulia habari za mjomba wake aliyeondoka kwenda machimboni miaka saba iliyopita, ambaye mpaka leo jamaa haijui kama ikae matanga au iendelee kumngojea. Alikuwa jirani yetu siku nyingi; habari hiyo hatukuwa tumeisikia kamwe.

Ndugu wasomaji, nendeni mkatazame filme. Lakini mkitoka, ulizaneni maswali matatu: Aliyekufa aliitwa nani? Nani anamlilia? Nani alimzika? Filme isiyoweza kujibu hata moja, hata ikiwa na mbio nzuri namna gani, imewaomba mtoe faranga, tena mtoe na kitu kingine ambacho hamkukihesabu mlangoni.